CHAI, KAFEINI NA AFYA YA MWANAUSHIRIKA

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mikutano ya vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa. Katibu aweza kuyasoma yote mara moja, au kuyagawa katika mikutano miwili.



Katika vyama vya msingi, birika la chai lina mahali pake kama vile mizani na daftari la mapokezi. Mkutano mkuu wa mwaka hauendi bila chai. Mlinzi wa ghala la korosho huomba chai ipate kumkesheza. Karani anayesahihisha hesabu za malipo usiku wa manane huiweka kando ya karatasi zake. Nyumbani nako, chai ya rangi ndiyo mwenzi wa muhogo wa kuchemsha, wa ming'oko, wa mandazi na wa kiporo cha jana. Kwa hiyo jambo lolote linalosemwa juu ya chai lamhusu kila mwanachama, awe mkulima wa ufuta wa Ruangwa au wa korosho wa Nachingwea.

Siku hizi limezuka swali ambalo zamani halikuulizwa. Anayekwenda Dar es Salaam aweza kukuta, katika maduka makubwa, visanduku vya chai iliyoondolewa kafeini. Bei yake ni kubwa kuliko ya chai ya kawaida, nayo husifiwa kuwa ni chai ya afya. Je, mwanachama aliyeambiwa ana shinikizo la damu, au mama mjamzito, au katibu asiyepata usingizi, yampasa kuiacha chai aliyoizoea na kuitafuta hiyo? Jibu lake si moja kwa watu wote. Hutegemea mtu anaugua nini, na hutegemea pia ni kitu gani hasa ndani ya kikombe chake kinachomdhuru, maana ndani ya kikombe kimoja cha chai mna vitu vitatu vinavyopasa kutazamwa kila kimoja peke yake: kafeini, tanini na sukari.

Kafeini ni dawa ya asili iliyomo katika majani ya chai, katika buni, na katika mbegu za kola. Mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu. Katika mwili wa binadamu kazi yake kubwa ni kuuzuia ubongo usisikie uchovu. Ieleweke vizuri hapo: uchovu wenyewe hauondoki, ila taarifa yake ndiyo inayocheleweshwa kufika. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kafeini kutoka katika buni mnamo mwaka 1819. Miaka minane baadaye kitu kama hicho kilipatikana katika majani ya chai kikapewa jina jingine, kwa kudhaniwa kuwa ni tofauti. Kabla ya mwaka 1840 ilithibitishwa kuwa ni kitu kile kile. Hivyo anayeacha kahawa kwa sababu ya kafeini akahamia chai kali hajahama sana.

Mfanyabiashara wa kahawa wa mji wa Bremen, Ujerumani, aliyeitwa Ludwig Roselius, ndiye aliyeanza kuiondoa kafeini kwa wingi wa kibiashara. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1906. Alitumia benzini, dawa ambayo baadaye ilijulikana kuwa huleta saratani, nayo ikaachwa. Tangu hapo zimepatikana njia nyingine. Majani hulowanishwa kwanza, kisha hupitishiwa dawa ya kuyeyusha ambayo huichukua kafeini na kuyaacha majani. Au hupitishiwa hewa ya kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa hata ikawa karibu na maji. Njia hii ya pili ilivumbuliwa na Kurt Zosel katika Ujerumani ya miaka ya 1960, na wengi huiona kuwa ndiyo safi zaidi. Majani yakisha kukaushwa hufungwa upya. Kafeini iliyotolewa haitupwi, bali huuzwa kwa watengenezaji wa soda na wa vidonge. Kwa hiyo mtu aweza kulipa fedha nyingi ili iondolewe katika chai yake, kisha akailipia tena katika chupa ya soda mchana wa siku ile ile.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kiwanda huondoa kafeini, hakiondoi tanini. Hakiweki wala hakipunguzi sukari, kwa kuwa sukari huwekwa na mnywaji mwenyewe. Na hata kafeini haimaliziki kabisa. Hubaki miligramu chache katika kikombe, badala ya zile 50 hivi zilizomo katika kikombe cha kawaida cha chai nyeusi.

Nachingwea ina historia inayofaa kukumbushwa hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zililetwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikapelekwa hadi Nachingwea, na mwaka 1951 mpango wenyewe ukaachwa, kwa kuwa udongo na mvua havikuwa vimepimwa vya kutosha kabla ya fedha kumwagwa. Mwaka 1962 ukikaribia na mara baada yake, hata reli ikawa haina kazi tena. Anayenunua chai ya bei kubwa kabla hajajua ugonjwa wake yuko katika njia hiyo hiyo, ingawa hasara yake ni ndogo.

Basi na vipimwe.

Kwanza ni usingizi. Kafeini aliyoinywa mtu mzima mwenye afya hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi. Katibu aliyekunywa miligramu 100 saa 12 jioni bado anazo 50 mwilini ifikapo saa 5 usiku, na 25 ifikapo saa 10 alfajiri. Kiasi hicho cha saa 5 usiku ni sawa na kuinuka kitandani, kunywa kikombe kizima, na kurudi kulala. Katika msimu wa korosho, hesabu zinapolala mezani na mnada ukingoja, makarani wengi hulalamika kuwa akili haitulii hata wakiwa wamechoka. Huenda ni wasiwasi wa kazi. Lakini yafaa kwanza waitazame saa waliyokunywa chai ya mwisho. Kwa mtu wa namna hii chai isiyo na kafeini ina faida ya kweli. Faida hiyo hiyo, hata hivyo, hupatikana bure kwa kuimaliza chai kabla ya saa 8 mchana.

Mlinzi wa ghala ni mtu mwingine. Yeye huihitaji kafeini kwa kazi yake, wala si haki kumhubiria. Linalomfaa ni kuinywa mwanzoni mwa zamu na kuiacha nusu ya pili ya usiku, ili asubuhi akifika nyumbani apate kulala.

Pili ni mama mjamzito, na hapa mazungumzo yanahitaji uangalifu. Mwili wa mama katika miezi ya mwisho ya ujauzito huitoa kafeini polepole sana; badala ya saa tano, kuipunguza kwa nusu huchukua saa 15 hivi. Aliyokunywa saa 12 jioni, nusu yake bado anayo saa 3 asubuhi. Mtoto aliye tumboni naye huipata, wala hana uwezo wa kuivunja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 juu ya huduma za wajawazito, lilishauri kwamba mama anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilikuwa imeweka mpaka wa chini zaidi, miligramu 200 kwa mjamzito na 400 kwa mtu mzima mwingine.

Miligramu 300 ni vikombe vingapi? Vitabu husema sita. Lakini vikombe vya vitabuni ni vidogo, vya robo lita au pungufu. Kopo la nusu lita, ambalo ndilo kikombe katika nyumba nyingi za vijijini, huchukua zaidi ya viwili vya namna hiyo. Makopo matatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, hupita miligramu 300 ikiwa chai ni kali. Katibu anayejua kuwa gunia hupimwa kwa mizani wala halikisiwi kwa macho ataielewa hesabu hii upesi kuliko mtu mwingine.

Tatu ni maumivu ya kichwa. Mtu aliyezoea chai kila siku akiiacha ghafla huumwa kichwa kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye, akawa mchovu na mwenye hasira, na hali hiyo yaweza kudumu siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Wafungaji wa Ramadhani wanaijua vizuri: kichwa kinachouma katika siku za mwanzo za mfungo mara nyingi si cha njaa peke yake, ni mwili unaoidai kafeini. Wenye hekima huanza kupunguza katika Shaabani, kikombe baada ya kikombe. Hatari ndogo iliyojificha hapa ni vidonge. Baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu vinavyouzwa madukani vimechanganywa na kafeini, miligramu 65 katika kila kidonge. Aliyekosa chai akaumwa kichwa, akameza viwili, akapona, hudhani ametibiwa ugonjwa, kumbe amelipwa deni. Na vijana wapakiaji wa magunia na waendesha pikipiki, ambao siku hizi hupenda vinywaji vya kuongeza nguvu, wajue kuwa kopo la mililita 250 la vinywaji hivyo aghalabu lina miligramu 80 za kafeini, pamoja na sukari nyingi.

Shinikizo la damu limetajwa mwanzoni, nalo lipewe maneno machache tu. Kafeini hulipandisha kwa muda wa saa chache, hasa kwa asiyeizoea. Kwa mnywaji wa kila siku mpando huo huwa mdogo. Mgonjwa asitazamie kwamba kubadili chai kutamponya. Chumvi, uzito, na kumeza dawa bila kukatiza ndiyo mambo makubwa. Vidonda vya tumbo navyo kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria na kwa vidonge vya maumivu vya jamii ya aspirini, wala havitokani na chai, ijapokuwa kuna watu ambao chai huwachochea kiungulia, na hao hujijua.

Sasa lije lile ambalo katika wilaya hizi mbili lina uzito kuliko yote, nalo ni jambo ambalo chai ya bei kubwa haigusi hata kidogo.

Kila mtoto wa Nachingwea na Ruangwa analijua bibo la mkorosho. Analijua tamu yake, na anaujua ukakasi unaoushika ulimi na kuukausha baada ya kulitafuna. Ukakasi huo huletwa na tanini. Chai iliyochemshwa sana ina ukakasi wa namna hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika vyakula vya mimea, hushikamana nayo, na chuma hicho hupita na kutoka bila kuingia katika damu. Uchunguzi uliofanywa mara nyingi tangu miaka ya 1970 umeonyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa pamoja na chakula yaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kuongeza maziwa hakusaidii kitu. Kuondoa kafeini nako hakusaidii, kwa kuwa kafeini siyo mkosaji wa kosa hili.

Yaangaliwe sasa mazoea ya mezani. Chuma cha nyama na samaki hakizuiliwi sana na chai; kinachozuiliwa ni kile cha mbaazi, cha kunde, cha kisamvu na cha mboga nyingine za majani. Hivi ndivyo vyakula ambavyo jamaa nyingi za wakulima hutegemea siku nyingi za mwaka. Mkulima huilima mbaazi kwa jasho, akaiuza sehemu kwa mnada kupitia chama chake, akabakiza sehemu kwa chakula cha watoto, kisha juu ya sahani hiyo hiyo huwekwa kopo la chai linaloinyang'anya mbaazi sehemu kubwa ya faida yake. Ni hasara isiyoandikwa katika daftari lolote.

Nayo si hasara ndogo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika Tanzania wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano 58 katika kila 100. Si kosa la chai peke yake. Malaria na safura vina sehemu yao kubwa, na uzazi wa karibu karibu, na lishe duni. Lakini malaria huhitaji chandarua na dawa, safura huhitaji choo na viatu, ilhali chai huhitaji tu kusogezwa mbele kwa saa moja. Mwenye kutazama gharama ataona ipi ni rahisi.

Kuna jambo moja ambalo mabwana na mabibi afya husema kliniki, na lapaswa kurudiwa katika kila mkutano wa chama. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa ni madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Akivimeza kwa chai, sehemu ya kidonge huwa imepotea kabla haijafika. Na wako akina mama ambao huvimeza kwa chai makusudi, kwa kuwa vidonge huwaletea kichefuchefu na chai huwatuliza. Wasilaumiwe; waonyeshwe njia nyingine. Kidonge kimezwe kwa maji, au kwa maji ya machungwa au ya ubuyu, kwa maana vitamini C hufanya kinyume cha tanini: husaidia chuma kuingia. Chai ingoje. Ikiwa kichefuchefu ni kikali, muuguzi ataeleza saa inayofaa ya kumeza, na mara nyingi usiku wakati wa kulala ndiyo nafuu.

Mtoto mchanga asipewe chai. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 juu ya chakula cha mtoto anayeanzishwa kula inasema wazi kuwa chai na kahawa ziepukwe, kwa sababu hulijaza tumbo dogo bila kulilisha na huzuia chuma wakati ule mwili unapokihitaji kuliko wakati wowote. Yako makaya ambayo mtoto wa mwaka mmoja huchovewa mkate katika chai ya bibi yake, kwa mapenzi kabisa. Uji wa mtama uliotiwa karanga zilizosagwa ni mapenzi yale yale, tena unalisha.

Kitu cha tatu cha kikombeni ni sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na lilisema ingekuwa bora zaidi ishuke hadi nusu ya hapo, yaani vijiko vya chai sita hivi kwa mtu mzima. Kopo la nusu lita lenye vijiko vitano, likinywewa mara mbili, limekwisha kuvuka kipimo hicho kabla ya soda wala andazi. Mwenye kisukari anayeiacha kafeini na kubakiza sukari ameondoa kinyozi akamwacha mwizi. Mengi zaidi juu ya sukari hayahitajiki hapa, kwa kuwa kila mtu anaijua. Ugumu uko katika mkono unaoshika kijiko.

Hata hivyo haifai chai ionewe. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa watu wapatao nusu milioni nchini Uingereza, na waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walionekana kuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa, katika kipindi cha uchunguzi huo. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kuwa chai ndiyo sababu, lakini waonyesha kuwa si sumu. Isitoshe, majani ya chai ya nchi hii hutoka Rungwe, Mufindi, Njombe na Usambara, na wengi wanaoyachuma ni wakulima wadogo walio katika vyama vyao kama walivyo wa korosho. Mtu mzima mwenye afya, anayelala vizuri, asiye na upungufu wa damu, anayekunywa vikombe viwili vitatu kati ya mlo na mlo, hana sababu ya kubadili lolote.

Anayehitaji kupunguza kafeini na hana njia ya kufika dukani Dar es Salaam anayo njia ya nyumbani. Wako wanaosema kuwa maji ya kwanza yakimwagwa baada ya nusu dakika, kafeini yote imekwenda. Si kweli; nusu dakika huondoa sehemu ndogo tu. Njia ya hakika ni kupunguza majani. Nusu ya majani ni nusu ya kafeini na nusu ya tanini. Majani yasichemshwe ndani ya sufuria hata maji yakawa meusi kama wino, bali yatiwe katika maji yaliyokwisha chemka, yafunikwe dakika tatu, kisha yachujwe. Masalio ya asubuhi yasichemshwe tena jioni. Apunguzaye afanye hivyo kwa wiki mbili, akiondoa kidogo kidogo, na kichwa hakitamsumbua.

Upungufu wa ladha hujazwa na vitu vya shambani. Mchaichai hauna kafeini. Tangawizi haina. Robo ya majani ya chai pamoja na mchaichai wa kutosha hutoa kinywaji chenye rangi na harufu ambacho wageni wengi hawatakitilia shaka. Kisha kuna rozela, ambayo wengine huiita choya: vikonyo vyake vyekundu hukaushwa juani na kuhifadhiwa mwaka mzima, nayo pia haina kafeini. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2010, watu wazima 65 wenye shinikizo la damu lililopanda kidogo walinywa ama vikombe vitatu vya rozela kwa siku ama maji yaliyotiwa rangi na ladha ya kuifananisha, kwa wiki sita. Kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa alama 7 hivi kwa wale wa rozela, na kwa wenzao kwa alama moja tu. Watu ni wachache na wiki ni sita, kwa hiyo haitoshi kuiita dawa. Yatosha kuiita kinywaji kizuri. Anayemeza vidonge vya shinikizo asiviache kwa sababu ya rozela, na mama mjamzito amwulize muuguzi kabla ya kuifanya mazoea. Rozela nayo ina ukakasi wake, hivyo kanuni ya saa moja baada ya chakula yaihusu vile vile.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa katika redio, bali katika lile kundi la majirani lililokubaliana kufanya jambo moja na kuangaliana kama limefanywa. Chama cha msingi ni kundi la namna hiyo, nalo tayari lina daftari, katibu na siku ya kukutana.

Makatibu, basi, waweza kuanza na mambo yaliyo katika uwezo wao. Katika ratiba ya mkutano mkuu chai huwekwa mara nyingi pamoja na chakula cha mchana, kwa kuwa ni rahisi kwa mpishi. Isogezwe. Itolewe saa 4 asubuhi, kabla ya agenda ya mapato na matumizi, na wakati wa chakula kuwe na maji na vipande vya papai, machungwa au embe kwa kadiri ya msimu. Sukari iwekwe mezani katika bakuli, isitiwe ndani ya birika, ili kila mtu ajipimie. Birika la pili liwe la mchaichai au rozela, kwa wajawazito, kwa wazee wasiolala, na kwa yeyote anayependa. Gharama haiongezeki, katika vyama vingi itapungua, kwa kuwa mchaichai hauna risiti. Na pale ambapo kamati itaona vema, muuguzi wa zahanati iliyo karibu aalikwe kwa dakika 15 kuzungumza na akina mama juu ya vidonge vya kuongeza damu. Barua ya kumwalika ipelekwe wiki mbili kabla, kwani siku za kliniki ya watoto huwa hatoki.